Kuamia ndege sio kuhesabu mizoga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako na naomba msinikate sana, najua narefusha, nimefundisha hesabu sekondari miaka thelathini na kitu na mwalimu wa hesabu akishashika chaki haachii mpaka kengele ilie. Naandika kwa simu ya mjukuu wangu, yuko hapa pembeni ananielekeza babu bonyeza hapa sio hapo, kwa hiyo herufi zikikosewa lawama tugawane.

Ni kuhusu ile makala ya Jumapili iliyopita kwenye ukurasa wenu wa historia, ya mizinga ya Waingereza ya kutungulia ndege wakati wa Vita ya Pili. Hapa kijiweni kwetu Ipagala gazeti lilipita mikono kama sita mpaka likarudi lina alama za vikombe vya kahawa, na ubishi wake haujaisha mpaka leo Alhamisi. Mwandishi wenu kasema mizinga ile ilikuwa debe tupu. Kasema Septemba 1940, Wajerumani walipoanza kuipiga London kila usiku, mizinga ilikuwa inamaliza makombora zaidi ya 20,000 ndo iangushe ndege moja, akacheka, akamaliza kwa kusema jeshi zima lile lilikuwa kelele tu za kuwabembeleza wananchi. Vijana wakashika hapohapo. Mmoja wa bodaboda, kijana mwepesi wa hesabu kweli, akachukua bei ya kombora moja ya kubuni akazidisha mara elfu ishirini akasema bora hizo hela wangewapa marubani wa Hitla wageuze warudi kwao.

Nilicheka na mimi. Lakini nimefika nyumbani sina raha, maana mimi hilo debe tupu nimelipiga.

Nimezaliwa upande wa Mvumi. Mtu wa Ugogo haelezwi kwelea kwelea ni nini, ila kwa msomaji wa Dar ambaye ndege anayemjua ni kunguru, ngoja niseme. Uwele ukianza kukomaa wanakuja kundi mpaka unadhani moshi, wanageuka angani wote kwa pamoja kama wana kamanda, wakitua kwenye shamba lako wakashiba umebaki na mabua. Kwa hiyo katikati ya shamba mnajenga dungu, mnapanda alfajiri jua halijatoka, akina mama na watoto, mnaamia mpaka jua likali ndege waende kupumzika vichakani, jioni mnapanda tena mpaka giza. Dada yangu mkubwa alikuwa na teo, kaka alikuwa na fimbo ya kurushia udongo, mimi kwa vile nilikuwa mdogo nilipewa debe la mafuta ya taa lililokwisha na kijiti. Debe tupu. Msimu mzima sidhani kama familia yetu iliua ndege ishirini. Na sikumbuki hata siku moja mama amekuja chini ya dungu akauliza leo mmeua wangapi. Swali lake lilikuwa moja, kule upande wa korongo wametua au hawajatua? Kilichohesabiwa kwetu ni kihenge.

Sa mtu akiniletea hesabu ya makombora mangapi kwa ndege moja, namwambia hesabu yako ni sahihi lakini umehesabu mizoga, hujahesabu uwele.

Na msidhani nimelazimisha mfano kwa sababu Kiswahili chetu kina ndege wa na ndege za. Wapiga mizinga wenyewe wa Uingereza walikuwa na kipimo chao walichokiita makombora kwa ndege, na neno walilotumia kwa Kiingereza ni lile la ndege mwenye manyoya, sio la ndege ya rubani. Niliposoma hilo mara ya kwanza nilimsimulia mke wangu, akasema kumbe na wao walikuwa wanaamia.

Jambo hili lilianza kunivuta tangu utoto kwa sababu ya baba mkubwa. Alikwenda vita hiyo ya pili na Keya, jeshi la Waingereza la askari wa huku kwetu, mpaka Bama (Burma), akarudi na koti na kikohozi. Tukiwa kwenye dungu alikuwa anapita chini anatucheka, anasema nyie mmekaa kama wale wa Kilindini, maana wakati wanasubiri meli pale Mombasa aliona mizinga imeelekezwa juu na watu wameizunguka usiku na mchana hawapigi kitu, wanatazama tu mbingu. Yeye lililomshangaza ni mtu kulipwa mshahara kwa kutazama mbingu. Wasomaji wasione ajabu kusikia mizinga hiyo ilifika mpaka huku kwetu, mwaka 1940 ndege za Italia zilidondosha mabomu Wajir na Malindi, na 1942 Wajapani walipopiga Colombo meli kubwa za kivita za Waingereza zilikimbilia Kilindini.

Turudi London. Jeshi ambalo mwandishi wenu analicheka lilikuwa kamandi nzima, ilianzishwa rasmi tarehe 1 Aprili 1939, siku ya wajinga (utani wa tarehe hiyo naamini na wao waliuona). Makao makuu yake Stanmore, jirani kabisa na makao makuu ya ndege za kivita. Tangu Julai 1939 mkuu wake alikuwa Jenerali Frederick Pile, akakaa hapo mpaka Aprili 1945, na ndo jenerali pekee wa Uingereza aliyeshika kamandi moja vita nzima, wenzake walihamishwa na kutimuliwa kila kukicha. Watu wake wengi mwanzoni walikuwa askari wa akiba, sisi tungesema mgambo, makarani na mafundi na vijana wa viwandani waliokuwa wanafanya mazoezi jioni na wikiendi. Vita imeanza mizinga mikubwa aliyonayo haifiki 700 wakati iliyopangwa ni zaidi ya 2,200, na mingi ni mikongwe ya vita ya kwanza.

Sasa hesabu yenyewe. Hapa ndo mwandishi wenu alipita mbio na mimi ndo nataka kukaa.

Chukua ndege ya mabomu ya Kijerumani inatembea kilomita 360 kwa saa. Gawanya kwa 3,600 unapata mita 100 kila sekunde, nimechagua namba nyepesi kama ninavyofanya darasani. Kombora la ule mzinga wa inchi 3.7, lina kilo kama 13, kufika kule juu linaweza kuchukua sekunde 20. Kwa hiyo ukilenga pale ndege ilipo, kombora linafika ndege imeshatangulia kilomita 2. Inabidi ulenge mahali ambapo ndege haipo bado. Na sio pembeni tu, inabidi ujue ndege iko juu kiasi gani, inakwenda upande gani, mwendo gani, upepo wa huko juu ukoje, halafu kombora lenyewe lina fyuzi ya saa puani ambayo inabidi uitegeshe kabla hujalipiga, ilipuke baada ya sekunde kadhaa, ukikosea sekunde moja limelipukia mbele au nyuma huko. Haya, na rubani naye sio mjinga, akiona milipuko anakata kona, hesabu yote inaanza upya. Halafu ni usiku. Halafu kuna mawingu.

Dada yangu na teo lake alikuwa anafanya hesabu hiyohiyo kwa kichwa, alikuwa hamlengi ndege, alikuwa analenga mbele ya kundi. Nilimuuliza unajuaje akasema najua tu. Waingereza walitengeneza mashine ya kujua tu. Waliiita pridikta, sanduku la magurudumu na meno limejaa ndani kama saa kubwa, watu wamelizunguka kila mmoja na darubini yake na usukani wake, mmoja anafuata ndege kushoto kulia, mwingine juu chini, lenyewe linatema lenga hapa na tegesha fyuzi hivi. Ni kompyuta, bila umeme mwingi na bila skrini. Pembeni yake kuna chombo cha kupimia urefu wa ndege kutoka chini, bomba refu la kulala lina lenzi kila upande. Lishikeni hilo bomba kichwani nitalirudia mwisho.

Tatizo la 1940 ni kwamba pridikta inataka uione ndege, na Wajerumani walihamia usiku. Kurunzi kubwa zilikuwepo, maelfu, lakini ndege ikiwa juu sana taa inaitafuta mahali sauti inapotoka, na sauti nayo inachelewa kufika, taa inamulika mkia wa hewa. Rada zilikuwa zimeanza kuja lakini zile za kwanza za mizinga zilikwambia ndege iko mbali kiasi gani na upande gani, hazikwambii iko juu kiasi gani. Ni sawa na mtu akwambie mgeni yuko njiani anatokea Kondoa halafu asikwambie lini. Walipoziongezea kipimo cha urefu ikagundulika ardhi yenye mabonde inazichanganya, zinataka sehemu tambarare kabisa. Sa London utapata wapi tambarare? Wakachukua wavu wa banda la kuku, huu huu tunaoununua hapa mjini, wakautandika juu ya vigingi kuizunguka kila rada upana unazidi mita 100, rada ikadhani iko uwanjani. Zoezi hilo likakomba karibu wavu wote wa kuku uliokuwepo Uingereza. Mimi nikisikia nchi imeshinda vita napenda kujua mambo kama haya, kuku walilala wapi.

Kwa hiyo ndio, usiku ule wa Septemba mizinga ilikuwa haioni. Na mwandishi wenu kwa hili namuunga mkono, usiku wa mwanzo kabisa tangu tarehe 7 ilikuwa aibu, mizinga ilikuwa michache na ilikuwa inasubiri shabaha ya uhakika ambayo haiji, wananchi wamejikunyata gizani wanasikia mabomu tu yanashuka hakuna anayejibu. Pile akakusanya mizinga kutoka miji mingine, ndani ya siku mbili mizinga mikubwa ya London ikatoka 92 ikafika 203, halafu tarehe 11 usiku akatoa amri ambayo mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye dungu anaielewa: pigeni, kila mzinga, mnaona hamuoni, pigeni. Wapigeni debe.

Asubuhi yake watu London walitoka wanacheka. Kuna mamlaka moja ya mtaa iliandika barua kulalamika kwamba mitikisiko inapasua mabakuli ya vyoo kwenye nyumba zao na kama inawezekana hiyo mizinga ihamishiwe kwingine. Hapo unaona binadamu ni walewale.

Lakini sio kucheka tu. Marubani walipanda juu zaidi, na mabomu ukiyaachia kutoka juu zaidi shabaha inakufa. Wengine waligeuka kabla ya kufika. Hao waliogeuka hawapo kwenye hesabu ya 20,000, kwa sababu kwelea aliyegeukia shamba la jirani hana mzoga.

Mtu ataniambia mwalimu hayo ni maneno, leta ushahidi. Haya. Waingereza walifunga mizinga ya kutungulia ndege kwenye meli zao za mizigo, kazi ghali, mizinga inatakiwa kwingine. Baadaye wakaangalia meli zilizoshambuliwa na ndege kule Bahari ya Mediterania wakakuta mizinga hiyo imeangusha asilimia 4 tu ya ndege zilizoshambulia. Asilimia 4! Ikaonekana bora ing'olewe. Ndo mtu mmoja mwenye akili akauliza swali la mama yangu, meli je? Wakahesabu upya. Meli zilizoshambuliwa zikiwa zinajibu kwa mizinga, zilizozama ni asilimia 10. Zilizoshambuliwa bila kujibu, asilimia 25. Mizinga ikabaki. Mfano huu nimeufundisha kidato cha tatu kila mwaka nikifika kwenye takwimu na kila mwaka kuna mtoto anayenyoosha mkono kusema kumbe, na mwalimu akishalisikia hilo kumbe siku yake imelipa.

Na hata hizo 20,000 hazikukaa hapo, hili mwandishi wenu hakulitaja kabisa na ndo linaloniuma. Pile alimchukua profesa wa fizikia, Patrick Blackett, ambaye baadaye 1948 alipata tuzo ya Nobel, akamwambia kaa na sisi uone kosa liko wapi. Blackett akaja na watu wa ajabu ajabu, wa hisabati, wa elimu ya mwili, wa nyota, wenzao wakawaita sarakasi ya Blackett. Hawakutengeneza mzinga mpya. Walikaa na wapiga mizinga usiku, wakatazama namna namba zinavyotoka kwenye rada mpaka zifike kwenye mzinga, zinachelewa wapi, nani anasubiri nani, wakawapangia jinsi ya kuzitumia. Mapema 1941 ilikuwa imeshuka mpaka makombora kama 4,000 kwa ndege moja. Mizinga ni ileile.

Kuna kisa chao kimoja ambacho kijiweni nilikitoa wakanyamaza. Waligundua kwamba vikosi vya pwani vinaripoti kuangusha ndege kwa nusu ya makombora ya vikosi vya bara. Nusu! Wakaumiza vichwa, labda rada inafanya vizuri juu ya maji, labda ndege za pwani zinaruka chini, labda watu wa pwani wana shabaha (mimi ningekataa hapo hapo, lakini mke wangu ni wa Tanga). Jibu lilipopatikana lilikuwa jepesi. Kikosi cha bara kikisema tumeangusha, watu wanakwenda kutafuta mabaki, wasipoyaona wanafuta. Kikosi cha pwani kikisema tumeangusha, imezama baharini, nani atakwenda kukagua. Basi. Wavuvi wa samaki mkubwa aliyeponyoka.

Sasa nifike kwa wasichana, ndo sababu hasa ya kukopa simu.

Kufikia 1941 jeshi lilikuwa linamwomba Pile wanaume kwa ajili ya Afrika Kaskazini na kwingine, na yeye anahitaji watu zaidi. Huyu bwana tangu 1938 kabla ya vita alikuwa ameshamwita mhandisi mmoja mwanamke, Caroline Haslett, akamtembeza kwenye mizinga akamuuliza kazi gani hapa mwanamke hawezi. Jibu likawa zote anaweza isipokuwa zile nzito za kubeba. Wakubwa wakakataa, wakapiga kelele za maadili, wasichana na wavulana kambi moja itakuwaje, nadhani mnazijua maana hata huku kwetu hazijaisha. Mwishowe wakakubali. Agosti 1941 kikosi cha kwanza cha mchanganyiko kikaanza kazi Richmond Park, London. Wasichana wa jeshi la akina mama, ATS, wakashika pridikta, wakashika kipimo cha urefu, wakashika rada, simu, ramani. Wanaume wakabaki kupakia makombora na kufyatua. Vita ikifika katikati wanawake kwenye kamandi hiyo walizidi 50,000. Hata binti wa Waziri Mkuu, Mary Churchill, alikuwa kwenye kikosi cha Hyde Park, baba yake akawa anakwenda usiku kumtazama kazini.

Sa angalia kichekesho. Sheria ilisema mwanamke asifyatue silaha. Kwa hiyo msichana anaiona ndege, anapima iko juu kiasi gani, anakokotoa itakuwa wapi sekunde 20 zijazo, anatoa namba ya fyuzi, halafu mvulana anavuta. Mvulana ndo ameua, yeye amepiga hesabu tu. Na mshahara wake ni theluthi mbili ya wa mvulana. Aprili 1942 msichana wa miaka 18 alipigwa na kipande cha bomu akiwa kwenye pridikta anafuata ndege, akafa, mwenzake akaingia kwenye nafasi yake hapohapo na mzinga haukusimama. Kulikuwa pia na rejimenti ya kurunzi, ya 93, ambayo karibu yote ilikuwa wanawake, wanakaa mashambani kwenye matope na taa yao na jenereta yao, usiku kucha.

Nimefundisha wasichana wengi. Sitahubiri. Nasema tu kwamba kwetu kwenye dungu aliyekuwa anawaona kwelea kwanza ni dada, sio kaka, na kaka ndo alikuwa anasifiwa shabaha.

Mtihani wao mkubwa ulikuja 1944. Tarehe 13 Juni likaanguka London bomu la kwanza lenye mabawa, V-1, ndege ndogo isiyo na rubani, vijana kijiweni mkitaka liiteni babu wa hizi droni zenu mnazotazama kwenye simu. Linatembea kilomita 600 na kitu kwa saa, chini chini, haliogopi kelele. Hapa debe tupu halisaidii, mwandishi wenu angekuwa na hoja hapa, maana chombo kisicho na rubani hakina moyo wa kutishika, ni kukiangusha au kukiacha. Katikati ya Julai Pile na wenzake wakafanya uamuzi wa hatari, ndani ya siku chache wakahamisha mamia ya mizinga na maelfu ya watu mpaka ufukweni kabisa, wasichana kwa wavulana wakilala kwenye mahema, ili bomu lipigwe juu ya bahari kabla halijafika kwa watu. Wakapata rada mpya ya Kimarekani inayofuata shabaha yenyewe, pridikta ya umeme, na makombora yenye redio ndogo puani ambayo yanajua yenyewe yamefika karibu yanalipuka, ile kazi ya kutegesha sekunde ikafa. Wiki ya kwanza ufukweni mizinga iliangusha asilimia 17 ya yaliyopita kwenye ukanda wao. Wiki ya mwisho ya Agosti, asilimia 74. Tarehe 28 Agosti yalikuja karibu mia moja, yaliyofika London manne.

Manne. Kutoka 20,000 kwa moja mpaka hapo ni miaka minne, na watu ni walewale makarani na wasichana. Tarehe 8 Septemba Wajerumani wakaleta V-2, roketi kubwa, hilo linashuka kutoka juu kuliko ndege yoyote na linapita sauti, hakuna mzinga wala dungu. Ndo ilivyo.

Nisije nikaonekana nimetumwa na ubalozi. Mabomu yale ya 1940 na 1941 yaliua watu zaidi ya 40,000 Uingereza pamoja na mizinga yote hiyo. Na kila kombora linalopanda lazima vipande vishuke, vilishuka kwenye mapaa na kwenye vichwa vya wenye mji wenyewe. Tarehe 3 Machi 1943 pale Bethnal Green, mashariki ya London, king'ora kililia watu wakawa wanashuka kwenye kituo cha treni cha chini kujificha, mara kikosi cha roketi kilichokuwa bustani ya jirani kikafyatua roketi za aina mpya, mlio ambao watu hawajawahi kuusikia, wakadhani ni bomu, wakasukumana kwenye ngazi gizani. Walikufa 173. Hakuna hata bomu moja la adui lililoanguka hapo usiku ule. Hiyo nayo ni ya kamandi hiyohiyo na sitaificha kwa sababu tu napenda hesabu zao. Kamandi yenyewe ilivunjwa 1955, ndege zikiwa zimeshakimbia kuliko mizinga.

Baba mkubwa alifariki nikiwa chuo cha ualimu, sikuwahi kumweleza kwamba wale watu wa Kilindini hawakuwa wanatazama mbingu bure. Angenibishia tu.

Sasa ombi langu, Mhariri, na hili ni dogo. Kwenye makala ile mmeweka picha ya wasichana watatu wenye kofia za chuma wamesimama kwenye ukuta wa magunia ya mchanga, chini mmeandika "wauguzi wakipumzika". Nimeichukua picha kwa miwani mbili. Msichana wa katikati ameinamia bomba refu la kulala, lina lenzi kila mwisho. Ni lile bomba niliwaambia mlishike. Yuko kazini, anapima ndege iko juu kiasi gani, na mwenzake wa kulia mdomo uko wazi kwa sababu anaita namba. Naomba toleo lijalo mrekebishe hayo maneno ya chini ya picha, hata mstari mmoja unatosha.

Mwalimu mstaafu wa hesabu,
Ipagala, Dodoma